Kiroba cha Ngogwe Mnadani

Nilipokuwa mwinjilisti kule Didia nilikuwa na hubiri moja nililolipenda kuliko yote. Kila mwaka mavuno yalipokaribia nililitoa tena, na waumini walilisikiliza kwa adabu kama watu ambao hawajawahi kulisikia. Nilisema sadaka ya mavuno hainunuliwi sokoni. Mtu anayenunua boga kwa mwenzake akalipeleka mbele ya madhabahu, nilisema, huyo amemtolea Mungu jasho la jirani. Wakati huo nilikuwa na shamba, zizi, na mke anayejua kulima kunizidi. Ni rahisi sana kuhubiri namna hiyo ukiwa na ghala lililojaa.

Mungu hasahau, na mimi ninaamini pia kwamba anapenda mzaha. Nilipostaafu, binti yetu ambaye ni mwalimu alihamishiwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwa na mtoto mchanga. Mama yake akasema tunaenda kumsaidia, na nyumbani kwangu akishasema hivyo huwa tumeshaenda. Tukaacha shamba kwa mpwa wangu, tukahamia vyumba viwili vya kupanga vyenye ua mwembamba nyuma. Ukilala chali katika ua ule, kichwa kikiwa kwenye ukuta wa chumba, vidole vya miguu vinagusa ukuta wa jirani. Nilijaribu siku moja ili niwe na uhakika, mke wangu akanikuta chini akadhani nimeanguka.

Haukupita muda, kanisani wakatangaza Jumapili ya mavuno. Ilikuwa bado mbali, lakini mke wangu alinigeukia palepale kwenye benchi.

"Mwinjilisti," akanong'ona. Huniita hivyo akiwa na jambo la kunichokoza. "Mwaka huu utapeleka nini? Hubiri lako?"

"Nitapeleka nilichovuna."

"Umevuna vumbi."

"Basi nitalima."

"Utalima wapi? Kwenye kofia?"

Kofia kweli ilikuwa imenipitia kichwani. Sikutaka kwenda sokoni asubuhi ya Jumapili nikanunua fungu la mchicha, halafu nilipeleke mbele kwa uso mkunjufu. Watu wa Rwamgasa hawakuwahi kusikia hubiri langu, lakini mimi nilikuwa nalo, na mke wangu pia, neno kwa neno.

Shida ilikuwa udongo. Mwenye nyumba alikuwa amesawazisha ua kwa marudio, yaani ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa dhahabu. Kwa macho ni mchanga mzuri, laini kama unga wa muhogo. Lakini umekwisha kupita kwenye zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu, na mimi sikuwa tayari kumlisha mjukuu wangu mboga iliyokunywa zebaki. Kwa hiyo nilirudi Didia, nikaingia katika zizi langu la zamani, nikachimba udongo mweusi ambao ng'ombe wameufanyia kazi kwa miaka mingi, nikajaza viroba vinne. Mpwa wangu alinitazama bila kusema neno. Ana heshima sana kijana yule.

Utingo wa basi hakuwa na heshima ya namna hiyo.

"Mzee, humu mna nini?"

"Udongo."

"Unaupeleka wapi?"

"Rwamgasa."

Akatoa kijiti mdomoni. "Mzee wangu, Rwamgasa watu wanatoa udongo. Hawapeleki."

"Mimi napeleka."

Akainama karibu na sikio langu. "Niambie mimi tu. Mna nini ndani?"

"Samadi ya ng'ombe."

Alicheka polepole, kama mtu aliyepewa siri. Kisha akavipanga viroba vyangu kwenye buti kwa upole ambao hakuutumia kwa sanduku la mtu yeyote, na njia nzima kila tuliposimama alishuka kuvitazama. Tulipofika Rwamgasa alimwita mwenye mkokoteni yeye mwenyewe, wakanong'onezana. Mimi nilimshukuru Mungu kwa utingo mwenye huruma na wazee. Sikujua kwamba habari zangu zilikuwa zimeshatangulia nyumbani kabla ya mkokoteni.

Nikaanza kilimo. Viroba viwili nilivisimamisha kando ya ukuta. Udongo wa viroba vingine niliugawa katika ndoo iliyopasuka, tairi la bodaboda lililokatwa, sufuria ambayo mke wangu aliitoa baada ya mazungumzo marefu, na jozi moja ya buti za mpira nilizookota jalalani. Kwenye buti nilipanda vitunguu vya majani. Kwenye tairi, matembele. Kwenye ndoo, kunde, kwa sababu mke wangu akikosa majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga huwa mkali bila kujua ni kwa nini. Kiroba kimoja nilikipa nyanya. Kile kikubwa zaidi nilikitengea ngogwe, ambazo wengine huziita nyanya chungu, kwa sababu hiyo ndiyo niliyokusudia kuipeleka kanisani.

Mbegu za ngogwe nilizipata kwenye matunda niliyoyaacha Didia yakaiva hadi yakawa mekundu, nikaja nayo pamoja na udongo. Aliyepata kuzitoa anajua kazi yake. Unayaponda matunda katika maji, unazungusha chombo taratibu, nyama yake inaelea, unaimwaga kidogo kidogo, na mbegu nzito zinabaki chini. Nilikosa bakuli. Nikachukua karai, nikakaa juu ya ndoo uani, nikazungusha. Ninazungusha, namwaga, nazungusha tena, na chini ya karai mbegu zikaanza kukusanyika, za manjano, zinang'aa katika jua la asubuhi.

Nilipoinua macho niliona kichwa juu ya ukuta.

Alikuwa jirani yetu, mwanamume wa makamo anayesimamia duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha. Sasa sauti yake ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Vizuri." Macho yake hayakutoka kwenye karai. "Naona babu unaosha."

"Naosha."

"Na kitu kimekaa."

"Kimekaa, tunamshukuru Mungu."

Akajiinua zaidi juu ya ukuta. "Ni ule udongo wa Didia?"

"Hapana, hizi ni mbegu za ngogwe. Udongo wa Didia ndio nitakaozipandia."

Alinitazama kitambo. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima kubwa. "Sawa, babu. Ngogwe. Sijaona kitu mimi." Na kichwa kikashuka.

Nataka ieleweke kwamba tangu siku hiyo nilisema ukweli kwa kila aliyeniuliza. Nilisema ni mboga. Nilisema ni samadi. Nilimwonyesha mmoja mbegu zenyewe katika kiganja changu, akasema, "Babu, umewahi sana kuzibadilisha." Katika nchi ile, mtu aliyepata kitu husema hajapata, na mtu asiye na kitu hujisifu. Kwa hiyo kila nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa tajiri.

Na utajiri ule ulikuwa na faida zake. Maji Rwamgasa hununuliwa kwa dumu, na mimi nilikuwa nikinyweshea bustani kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, tukigombana na mke wangu juu ya kila kikombe. Sasa asubuhi nikifungua mlango nakuta dumu limejaa. Jirani ameleta. Kesho yake mwenzake wa shimoni ameleta jingine, akaomba anyweshe yeye mwenyewe, akanyweshea huku akikodolea udongo macho mpaka akafurikisha tairi. Wakaanza kuja kanisani pia, wachimbaji watano au sita, wakakaa benchi la nyuma wamebana magoti. Mchungaji alifurahi mno. Aliniambia ushuhuda wangu mtaani umezaa matunda.

"Bado hayajaiva," nikamjibu.

Mke wangu hakupendezwa.

"Unawatumikisha watoto wa watu," alisema jioni moja akichambua kunde.

"Nimewaambia ukweli."

"Unausema huku umekunja uso kama mwenye siri."

"Mama, huu ndio uso niliopewa."

"Mbona ukiwa hapa ndani huna uso huo?"

Nikasifu kunde. Na zilistahili. Majani yake yalikuwa laini, hayajapata kusafiri hata hatua kumi kutoka kwenye ndoo hadi jikoni, na karanga alizitwanga mwenyewe. Mjukuu wetu alilamba mchuzi wake wa kwanza siku ile akafumba macho kama mtu anayesali.

Ngogwe zilikua. Mche wangu mmoja ulinipita magoti, ukatoa maua, kisha vitunda vyeupe vinavyoning'inia kama hereni. Kila asubuhi niliugusa na kushukuru. Siku chache kabla ya mavuno nikakuta kiroba kimetobolewa ubavuni na udongo kama wa sahani moja umechukuliwa. Tundu lilikuwa limezibwa vizuri kwa kitambaa, mwizi mwenye malezi. Mche ulikuwa umeinama upande huo. Nilikuwa na mche mmoja tu wa kupeleka, na shukrani ya mwaka mzima ilikuwa imening'inia juu yake. Nikaufunga kwenye kijiti, nikashindilia udongo, nikasali. Siku mbili kutwa nilihamishia kiti changu uani nikasomea Biblia yangu hapo, miguu nimeiegemeza kwenye kiroba.

Asubuhi ya Jumapili nilitaka kuzichuma. Mke wangu akanizuia.

"Ukipeleka zimechumwa, nani atajua hukununua?"

"Mungu atajua."

"Mungu hana shaka na wewe. Nasema mimi na wewe tusimame mbele za watu tukiwa tumenyooka. Beba na kiroba chake."

Nilidhani ni wazo jema. Hata sasa nadhani lilikuwa jema, isipokuwa kwamba wachimbaji walikuwa wanne barabarani na wote wakagombea kunibebea.

Kanisani kwetu, sadaka za mavuno zikishabarikiwa hutolewa nje na kunadiwa, na mzee wa kanisa mmoja ndiye dalali. Ni fundi baiskeli, lakini siku hiyo hujifanya mfalme. Mtu anayenunua anaweza kuchukua kitu chake, au kukirudisha mezani kinadiwe tena, na hapo ndipo furaha ilipo, kwa sababu jogoo mmoja anaweza kuuzwa mpaka achoke. Palikuwa na majogoo, miwa, mayai, mahindi, na maboga kadhaa ambayo yalikuwa bado na majani ya kufungia ya sokoni. Mke wangu alinigusa kwa kiwiko kila boga lilipopita.

Kikaletwa kiroba changu.

"Ngogwe za mwinjilisti mstaafu!" dalali akapaza sauti. "Zimo humu hai, zinapumua! Nani ataanza?"

Mama mmoja akataja bei ya ngogwe. Kabla hajafunga mdomo, jirani yangu akatoa sauti kutoka nyuma, akataja bei ya jogoo. Mchimbaji mwenzake akataja bei ya majogoo mawili. Watu wakageuka. Wakaendelea wao kwa wao, wakapita bei ya mbuzi, na dalali, aliyekuwa amezoea kubembeleza, akawa hana la kufanya ila kugeuza shingo huku na huku. Mchungaji alikuwa anaangalia juu. Nilimfuata macho nikaona anaangalia paa la kanisa, pale linapovuja.

Mpaka hapo nilikuwa nikicheka moyoni, nakiri. Lakini walipokaribia bei ya ndama kicheko kikanikauka. Mche ule niliuotesha ili niwe na kitu safi cha kutoa. Sasa ulikuwa unapanda bei kwa uongo ambao sikuusema mimi, ila ulikuwa umekaa kwenye kiroba changu. Nikasimama.

"Ndugu zangu, subirini. Udongo huu ni wa zizi la ng'ombe. Hamna kitu humu ila samadi na ngogwe."

Watu wakacheka. Jirani yangu akapandisha bei.

"Mwaona?" akawaambia wenzake. "Mzee anataka tushuke bei abaki nacho."

Nikamgeukia mchungaji anisaidie. Akanishika bega kwa upole. "Mwinjilisti, sadaka ikishafika mbele si yako tena."

"Ni kweli, mchungaji. Lakini wale wananunua kisichokuwepo."

Akatazama paa mara nyingine. Ni mtu mwema, na nilimwona akipigana. Mwishowe akashusha pumzi. "Fanya unavyoona ni haki."

"Leteni karai na maji," nikasema. "Tuoshe hapahapa, wote muone."

Jirani yangu alikuwa amefika mbele kabla sijamaliza. Nikamchotea udongo wa juu. Akatikisa kichwa.

"Babu, mimi si mgeni wa kazi hii. Dhahabu ni nzito. Huzama. Huo wa juu hata mimi nikikupa utakuta mtupu. Wa chini ndio wenye maneno."

Na alisema kweli. Wa chini ndio uliokuwa umeshikwa na mizizi. Niliutazama mche wangu, hereni zake nyeupe zikicheza katika upepo, sadaka yangu ya pekee katika mji usio na shamba. Nilimtazama mke wangu. Aliinua kidevu tu, kama anayeniambia niendelee.

Nikashika kiroba kwa pembe zake za chini, nikakipindua.

Mche ulianguka chali, mizizi juu. Akina mama waliguna pamoja. Jirani alipiga magoti, akachota ule udongo wa chini kabisa, akaanza kuosha, na lazima niseme ukweli, sijawahi kuona mkono mzuri namna ile. Karai lilizunguka kama lina akili yake. Maji meusi yakatoka, yakatoka yenye rangi ya chai, yakatoka meupe. Watu walinyamaza kuliko walivyonyamaza wakati wa hubiri. Tukainama wote kutazama.

Chini ya karai palikuwa na mchanga kidogo, vipande vya mizizi, na mdudu wa samadi, mnene, mweusi, mwenye afya. Alijitikisa maji, akapanda ukingo wa karai bila haraka, akashuka upande wa pili, akaenda zake.

Sijui nani alianza. Najua mchungaji alilazimika kushikilia meza. Dalali alikaa chini. Wachimbaji wa benchi la nyuma walipigana mabega huku wakimnyooshea mkuu wao vidole, na mama aliyetaja bei ya ngogwe alijifuta machozi kwa kanga.

"Kaoshe tena, bosi!" mmoja akapiga kelele. "Huyo ndiye mwenye mali, amekukimbia!"

Jirani yangu alibaki amepiga magoti. "Babu, umeniweza."

"Nimekuweza vipi? Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Ngogwe."

"Na udongo?"

"Samadi." Akafuta mikono kwenye suruali yake mpya. "Ulisema ukweli kila siku, babu. Sasa hapa Rwamgasa mtu gani husema ukweli kila siku? Ungenidanganya hata mara moja ningekuelewa."

Wakati sisi tunacheka, mke wangu alikuwa amekwisha kuokota ngogwe zote zilizotawanyika, akazikung'uta vumbi, akaziweka kwenye upande wa kanga yake na kuzipeleka mezani.

"Dalali," alisema, "kazi yako haijaisha. Hizi hazikununuliwa, kila mtu ameona zilikotoka."

Dalali akasimama, akajikohoza. Yule mama akataja tena bei yake ya ngogwe, ile ya halali. Jirani akamwongezea kidogo tu, kwa adabu, akazipata. Kisha akazirudisha mezani. Mwenzake akazinunua, akazirudisha. Mama akazinunua, akazirudisha. Mchungaji mwenyewe akazinunua, akazirudisha. Ziliuzwa na kuuzwa kwa bei ya ngogwe, huku watu wanacheka, mpaka zikaanza kuchubuka, na mwisho wa mnada mchungaji alisema bati moja la paa limepatikana. Bati moja ambalo halina uongo chini yake. Kila mvua inaponyesha mimi hukaa chini ya bati hilo.

Aliyezinunua mwisho alikuwa jirani, akamletea mke wangu azipike. Alizipika na dagaa na nyanya zetu wenyewe, zikawa na uchungu mdogo ule unaobaki kwenye ulimi na kukufanya urudie ugali. Wachimbaji wote watano au sita walikuja. Hakuna aliyetaja mdudu mpaka ugali ulipoisha, na baada ya hapo hawakutaja kingine.

Mche wenyewe nilijua umekufa. Lakini Jumatatu nilipochungulia juu ya ukuta, nilimwona jirani amechuchumaa katika ua wake. Alikuwa ameuokota. Alikuwa amerudi kanisani akafagia udongo wangu wote uliomwagika, akaubeba kwa fuko hadi nyumbani, na sasa alikuwa anaushindilia mche katika ndoo ya shimoni, ile wanayopandishia mawe, na kuunyweshea taratibu kwa kikombe.

"Utashika?" nikamuuliza.

"Shikamoo, babu. Utashika tu. Mke wangu anakuja mwezi ujao, nataka akute kitu cha kupika."

Kabla sijamjibu, niliona kichwa kikitokeza juu ya ukuta wake wa upande wa pili. Alikuwa mpangaji mgeni, macho yamemtoka, anatazama lile fuko la udongo.

"Kaka, habari za asubuhi," mgeni akasema, sauti imemkauka. "Naona umebeba udongo. Ni wa wapi huo?"

Jirani aliinua macho akanitazama. Mimi nikashusha kichwa changu polepole, nikakaa juu ya ndoo yangu kando ya kunde, nikasikiliza.

"Ni samadi tu, ndugu yangu," alisema jirani.

"Sawa, kaka," akasema mgeni. "Sijaona kitu mimi."